Kidonge cha Saa Saba

Mimi sijawahi kudanganywa na mwanaume. Isipokuwa wale watatu walionioa. Kwa hiyo haya ya binti mshonaji nayasimulia kwa ujuzi.

"Umekuja na nani, mwanangu?" nesi wa uzazi wa mpango alimuuliza.

"Peke yangu, mama. Mwenzangu kabanwa na kazi."

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, chumba kimoja, cherehani moja, na mchumba fundi simu. Simu za watu wote zilipona mikononi mwake, isipokuwa ile ya kumpigia binti.

Nesi akapanga mezani: vidonge, sindano, kijiti.

"Vidonge ni kila siku, saa ileile. Utakumbuka?"

"Mimi? Wiki hii nimeunguza sufuria ya chai mara mbili."

"Nani atakukumbusha?"

Binti akakwaruza meza kwa ukucha. Nyumbani alikuwa akiongea na cherehani, na cherehani ndiyo ilikuwa ikimjibu.

"Hakuna."

"Basi tuchague kinachojikumbuka chenyewe. Kijiti. Kinakaa miaka mitatu. Ila hakizuii magonjwa. Kondomu iko palepale."

Binti akatoka na bendeji mkononi, akamwandikia mchumba: *Nimewekwa kijiti. Mkono unauma kidogo. Uko wapi?*

Jibu likaja jioni: dole gumba. Basi.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumapili moja mchumba akatokea, kanyoa, ananukia. Binti akatoa sahani mbili; ya pili ilibidi kwanza aifute vumbi.

Saa saba kamili mchana, simu ya mchumba ikalia mezani. Alamu. Kwenye kioo: MKUMBUSHE BEBI KIDONGE.

Mchumba akaipiga kofi kama anaua mbu.

"Kidonge cha nani?"

"Chako, mpenzi! Cha nani tena? Kila siku saa saba nakuwaza wewe. Si unajijua unavyosahau?"

"Mbona hujawahi kunikumbusha?"

"Mtandao, bebi. Mtandao mbovu."

"Fundi simu mzima?"

"Haki ya Mungu."

Binti akakunja mkono wa blauzi taratibu. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, palikuwa na kovu dogo kama punje ya mchele.

"Mimi nina kijiti. Nilikuambia, ukanitumia dole gumba."

Mchumba akafungua mdomo. Simu ikalia tena. Kumbe hakuizima, aliiahirisha tu.

Binti akamsogezea.

"Mpigie. Mwenzangu hajameza."