Droni Haikumgusa Mtu

Kila asubuhi pikipiki moja iliondoka nyumbani kwa Mama Pacha na watu wawili waliofanya kazi kwenye jengo moja. Mbele alikaa mumewe. Nyuma alikaa baba yake mzazi, amepakata sanduku jeusi kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

"Polepole, mwanangu," mzee alimwambia mkwewe. "Mimi nimeshazoea kuanguka. Hili dude lako sijui."

Ndani ya sanduku mlikuwa na droni, kile chombo kidogo kinachoruka na kupiga picha kutoka juu. Mkwe ndiye aliyeirusha, kwa hiyo kwenye jengo walimwita Rubani. Mzee alikuwa fundi wa lipu, ile saruji ya kusawazisha ukuta. Yeye walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta, kwa jinsi kuta zake zilivyonyooka. Wenzake walitania kwamba ukiumwa mgongo, uegemee ukuta wa Timazi, utanyooka bila daktari.

Mama Pacha alibaki nyumbani akishona sare za shule. Pacha wake walicheza na vipande vya kitambaa miguuni pake.

Siku moja mkandarasi, yaani msimamizi mwenye kazi ile ya ujenzi, alimwita Rubani kwa haraka.

"Mwenye jengo anataka picha za ukuta wa juu. Anazitaka sasa hivi."

Rubani alitazama juu. Mafundi walikuwa bado kwenye jukwaa, zile mbao wanazosimama wakipiga lipu. Mzee Timazi alikuwa kati yao.

"Bosi, si tungoje washuke?"

"Tungoje nini? Kazi ya kufumba na kufumbua hiyo. Wewe si mtaalamu?"

Rubani akairusha. Hakupuliza filimbi. Hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha rimoti, akitafuta picha nzuri. Upepo ukavuma ghafla kutoka kwenye kona ya jengo, ukaisukuma droni hadi jukwaani. Mzee alikuwa amegeukia ukuta, mwiko mkononi. Alisikia mvumo sikioni. Akageuka upande. Mapanga madogo ya droni yalikuwa yanazunguka mbele ya uso wake.

Akarudi nyuma hatua moja, kwenye mwisho wa jukwaa. Nyuma hapakuwa na ubao wala reli ya kumzuia.

Droni haikumgusa. Ilishuka salama, ikatua bila hata mkwaruzo.

Hospitalini, daktari alimweleza Mama Pacha kwa sauti ya chini. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia. Mzee angeishi, lakini asingetembea tena.

"Lakini baba yangu ni fundi," Mama Pacha alisema, kana kwamba daktari amekosea mgonjwa.

Kisha akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

Rubani alikuwa na tumaini moja. "Tutasaidiwa, mke wangu. Droni ina bima. Na jengo lina bima."

Majibu yalikuja, na yote mawili yalikuwa mabaya. Kampuni ya bima ya droni ilisema chombo ni kizima, hakuna cha kulipa. Kampuni ya bima ya jengo ilisema mkataba wake hauhusu madhara ya vyombo vinavyoruka. Hakuna aliyeiarifu kampuni kwamba pale kuna droni.

Mama Pacha alikwenda kwa jirani yake, mwanamke aliyefanya kazi katika ofisi ya bima.

"Dada, nieleze kama unamweleza mtoto. Tulilipa bima. Mbona hatulipwi?"

Jirani alimvutia kiti. "Mumeo alikatia bima chombo. Kikivunjika au kikiibiwa, analipwa. Lakini iko bima nyingine, inaitwa bima ya dhima. Hiyo humlipa mtu mwingine, kama umemuumiza au umeharibu mali yake. Hiyo hakukata."

"Lakini droni yenyewe haikumgusa baba."

"Si lazima imguse. Ilimshtua, akaanguka. Hayo ni madhara yake. Kungekuwa na bima ya dhima, tungekuwa na pa kuanzia."

"Na hiyo ya jengo?"

"Mikataba mingi ya ujenzi huviacha nje vyombo vinavyoruka. Si yote, ndiyo maana lazima usome na uulize. Mkandarasi alipaswa kuiarifu kampuni kabla droni haijaruka hata mara moja, na apewe jibu kwa maandishi. Mnaweza kudai fidia kwa sheria, na nitawapeleka kwa wakili. Ila sitaki kukudanganya, dada. Ni safari ndefu."

Mama Pacha akasema, "Kwa hiyo ile mashine ina bima. Baba hana."

Jirani alivuta kiti chake karibu. Alimshika mkono tu.

Mzee alirudi nyumbani akiwa amelala kwenye machela. Pikipiki iliuzwa. Pacha walikatazwa kelele, wakajifunza kucheza kwa kunong'ona.

Mtu asiyeweza kujisogeza hupata vidonda akilala upande mmoja. Ilibidi mzee ageuzwe mara kwa mara. Rubani alipomsogelea, mzee alifumba macho.

"Acha. Nitamngoja binti yangu."

Siku moja Rubani alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe."

Mzee alimtazama. "Nilikuona umesimama pale chini," alisema. "Nikajua unanitazama. Kumbe ulikuwa unatazama kioo."

Rubani alitoka nje, akaketi mlangoni. Jirani alimkuta hapo, akamuuliza kulikoni. Rubani alimweleza yote, hata maneno ya mzee.

"Naiuza, dada. Sirushi tena."

"Uza ukitaka," jirani alisema. "Mkandarasi ataita mwingine, na mafundi watakuwa juu vilevile. Baba amesema kweli. Anayerusha hawezi kutazama kioo na kutazama watu. Lazima awepo mtu wa pili, kazi yake ni kuangalia droni na watu tu, na akisema shusha, unashusha."

Kesho yake Rubani, Mama Pacha na jirani walikwenda kwa mkandarasi. Alisikiliza huku akitazama saa.

"Mnataka nisimamishe kazi kwa ajili ya picha?"

Mama Pacha hakupandisha sauti. "Kazi ya baba yangu imeshasimama."

Mkandarasi aliinamisha kichwa. Hakutazama saa tena.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Kwanza jukwaa liliwekewa reli. Rubani alikwenda kusoma urushaji na kutafuta kibali cha serikali. Mkandarasi aliiarifu kampuni ya bima, akakubaliwa kwa maandishi baada ya kuongeza malipo. Rubani naye alikata bima ya dhima, na jirani aliisoma naye neno kwa neno, hasa sehemu inayotaja yasiyolipwa. Tangu hapo droni iliruka mafundi wakiwa wameshuka kula. Filimbi ililia kwanza, na mtu wa pili alisimama kuangalia droni na watu tu. Utepe mwekundu ulizungushwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita chini. Upepo ukizidi, hakuna kuruka, hata mwenye jengo apige simu mara ngapi.

Mafundi wengine walinung'unika mwanzoni. Mmoja alisema sasa hata nzi ataombewa kibali. Lakini hakuna aliyecheka sana, kwa sababu mahali pa Timazi jukwaani palikuwa wazi.

Miezi ilipita. Mchana mmoja, droni ikiwa juu, panga moja likakatika. Ilianguka kama jiwe kwenye zege, ndani ya utepe, ikasambaratika. Fundi mmoja alisimama na bakuli lake, akatazama vile vipande, kisha akaketi akaendelea kula.

Rubani alirudi nyumbani kwa miguu. Aliingia chumbani kwa mzee, akasimama mbali kidogo.

"Baba, droni imeanguka leo."

Mzee akafumbua macho. "Imemwangukia nani?"

"Hakuna mtu. Wote walikuwa wameshuka."

Mzee alitazama dari. Machozi yalimtoka, yakateremka mpaka masikioni, naye hakuyafuta.

"Wote?"

"Wote, baba."

"Ni vizuri," mzee alisema. Akavuta pumzi. "Ni vizuri hivyo."

Mama Pacha alikuja na beseni la maji, akasimama mlangoni.

"Bega linaniuma," mzee alisema. Hakuwa akimtazama binti yake. "Nigeuze, mwanangu."

Rubani aliinama, akapitisha mikono chini ya mgongo wa mzee. Hakujua ashike wapi.

"Chini kidogo," mzee alimwambia. "Hapo. Usiogope."