Suruali Iliyoficha Mguu

Ninachokusimulia hapa hutakiamini. Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na bado nikikumbuka masikio yanapata moto. Mama yangu mzazi, mwenye huruma kuliko watu wote mtaani kwetu, alimnyanyua mtu mwenye ulemavu kwenye kiti cha watu wenye ulemavu. Tena basi zima likisikia. Usimchukie kwanza. Nianze nyumbani.

Nyumbani tuko watatu. Mama ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Mtaani wanamwita Fundi Jicho. Ukifika mlangoni, hujavua hata viatu, ameshajua kiuno chako. Siku moja alimwambia mteja kwamba tumbo limeongezeka inchi mbili tangu mwezi uliopita. Yule baba alibisha mpaka akapimwa. Zilikuwa mbili na nusu.

Mimi ni kitinda mimba. Wananiita Chaji, maana kila nikiingia chumbani kwa mtu, natafuta chaja.

Na yupo dada yangu. Tunamwita Mwalimu. Anafundisha chekechea, na wakati huo alikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Aliipenda kazi ile mpaka akawa anaota watoto wa watu. Mguu wake wa kulia unaishia chini kidogo ya goti. Aligongwa na lori akiwa na miaka kumi. Miaka yote alitembelea magongo, kisha mwaka jana akapata mguu wa bandia.

Siku aliyokuja nao nyumbani, mama aliweka kando nguo za wateja wote. Akamshonea suruali. Ndani, upande wa kulia, akaweka sponji. Alilikata, akalipunguza, akalijaribu, mpaka likapata umbo la shavu la mguu. Dada alipovaa, miguu yote miwili ilifanana. Jirani mmoja akamuuliza alitibiwa wapi, ili naye ampeleke mama mkwe wake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mama yeye hakucheka sana. Alimlainishia dada pindo, akasema, "Sitaki mtu amtazame mwanangu mara mbili."

Alisema kwa mapenzi. Akashona suruali nyingine, na nyingine, zote hivyohivyo.

Dada huenda kazini kwa basi, dakika arobaini. Mbele kuna viti viwili vyenye alama ya kiti cha magurudumu. Wiki ya kwanza alikaa pale. Mzee mmoja akamwambia kwamba binti mzima kama yeye kukaa kwenye kiti cha wagonjwa ni kukosa malezi. Abiria wakaguna. Dada akainuka. Tangu siku hiyo akawa anasimama, kwenda na kurudi, ameng'ang'ania bomba.

Nyumbani hakutuambia. Ila akawa anafunga mlango akitaka kuvua mguu. Jioni moja niliingia bila kubisha, natafuta chaja kama kawaida yangu. Nikaona soksi yake ina damu.

Nilimwita mama. Hapo ndipo dada akasema yote, ya mzee, ya kusimama, ya kidonda. Alikuwa ameshampigia fundi wa miguu ya bandia, yule wa kliniki ya viungo. Fundi alimjibu aje kesho yake bila kukosa. Kidonda kikiwa kimeingia ndani, mguu utawekwa kando miezi miwili. Darasa la dada liko ghorofani, ngazi nyembamba, watoto thelathini wanaotaka kushikwa mikono. Mikono ikishika magongo, nani atawashika watoto? Na majaribio yalikuwa yamebaki wiki tatu. Miezi miwili nyumbani, kazi imeenda kwa mwingine.

Mama alisikiliza huku anakunja na kukunjua kitambaa kilekile. Mwishowe akasema, "Huyo mzee, ningekuwepo mimi."

Asubuhi tukapanda basi wote watatu, kwenda kliniki. Lilikuwa limejaa. Mimi nilijipenyeza kama panya, nikapata kiti cha tatu, nikatoa simu. Mama na dada wakabaki wamesimama mbele. Kwenye vile viti viwili, dirishani alikaa mjamzito. Pembeni yake alikaa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limepigwa pasi, waya za simu masikioni.

Mama akamgusa bega. "Kijana, hiyo alama huioni?"

Akatoa waya moja. "Naiona, mama."

"Unaiona na umekaa. Mwili mzima, miguu yote, umejaza kiti cha wenye shida. Mwanangu huyu ana kidonda mguuni. Inuka."

Dada alimvuta mama mkono, akamnong'oneza aache. Mama hakuacha. Kijana alimtazama mama, akamtazama dada. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akashika bomba kwa mikono miwili, akainuka polepole. Nyuma watu wakaanza kusema vijana wa siku hizi hawana aibu. Mama akamkalisha dada.

Na mimi? Nilikuwa narekodi. Maneno ya kuweka juu ya video nilikuwa nayo tayari: Mama shujaa.

Basi likakata kona. Kwenye simu nikamwona mama ananyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa anatazama chini, suruali ya yule kijana. Mguu wa kushoto, kitambaa kilikuwa kinayumba na kugonga kitu chembamba. Hakikulala juu ya nyama. Mtu mwingine asingeona kitu pale. Lakini mama alishashona suruali nane za namna ile. Anajua kitambaa kinavyolala penye shavu la mguu, na kinavyolala penye chuma.

Alisogea karibu na kijana. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka nikaacha kuisikia vizuri, ikabidi nisogeze kichwa.

"Mwanangu, mguu huo ni wa bandia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Huwa nasema," kijana akajibu. "Nasema kila siku. Leo nilichoka kusema. Halafu nikasikia dada ana kidonda. Kidonda nakijua."

Machozi yakamtoka mama. Aliweka kiganja mdomoni, akabaki hivyo.

Hapo dada akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya mbele za watu. Aliinama, akapandisha suruali mpaka gotini, na sponji la mama likaonekana, na chuma chini yake.

"Mama, usilie," alisema. "Mimi na huyu kaka, tatizo letu moja. Tunaonekana wazima." Kisha akawageukia abiria, kwa sauti ileile anayowapa watoto wake. "Naomba mmoja wenu anayeweza kusimama ampishe akae."

Watu wakaanza kuangalia madirishani. Kila mtu akapata kitu cha kutazama nje. Nami nikawa nasubiri nione nani ataona aibu, ili nimrekodi. Kisha nikaona dada ananitazama mimi. Hakukasirika. Alinitazama tu. Ndipo nikaelewa kwamba miguu mizima iliyokuwa karibu kuliko yote ni yangu. Nilimwona dada yangu anasimama na kidonda, nikakaa. Nilimwona mama anasimama, nikakaa. Nikatoa na simu.

Niliinuka. Kwa kutaka kufidia haraka, nikamkamata kijana mkono nimvute kwenye kiti. Nusura tuanguke wote.

"Taratibu, ndugu yangu," akasema. "Ukinivuta, naanguka. Nipe bega, nitalishika mwenyewe."

Nikampa bega. Akakaa. Mama akamwomba radhi mbele ya watu walewale aliomsema mbele yao. Video niliifuta nikiwa nimesimama, mkono mmoja bombani.

Kijana naye alikuwa anakwenda kliniki ileile. Tukateremka pamoja. Fundi wa miguu ni baba mmoja mwenye kipara, aproni imejaa vumbi la plasta, na anawajua wote wawili. Mama alimsimulia mwenyewe, hakujificha hata kidogo. Fundi alimpima dada, akabonyeza pembeni ya kidonda, akaguna.

"Hakijaingia ndani," akasema. "Siku tano bila mguu, kisha uuvae bila kusimama kwenye basi. Mngechelewa wiki mbili, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama akamuuliza kwani kusimama kuna nini, mbona darasani anasimama. Fundi akachukua mguu wa bandia, akauweka mezani, akautikisa. Alieleza kwamba basi likifunga breki, sisi tunajishikilia kwa unyayo na vidole. Dada hana vidole vya kujishikilia upande ule. Uzito wote unaangukia ngozi pale mguu unapoishia, na ngozi inasuguana na plastiki. Dakika arobaini, mara mbili kwa siku. Hata jiwe lingechubuka.

Akasema wapo wengi ambao shida yao haionekani. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kifafa, mwenye maumivu ya mgongo. "Kwa hiyo ukimwona mtu amekaa mbele, usimhukumu. Ukitaka kumsaidia mwingine, inuka kwenye kiti chako wewe. Muulize kama angependa kukaa. Akikataa, sawa. Akikubali, muulize umsaidieje, usimkamate kama mzigo." Hapo alinitazama mimi, nikajikuna kichwa. Kisha akamgeukia dada. "Na wewe, Mwalimu, kudai kiti chako si kuombaomba."

Mama akauliza, "Kwa hiyo suruali zangu ndizo zilizomponza?"

"Suruali ni nzuri, mama. Asiyetaka kuonyesha mguu wake, ni haki yake. Swali ni nani aliyetaka ufichwe."

Njiani kurudi, dada alipata kiti, na mimi nilisimama bila kuambiwa.

Kesho yake mama alifumua suruali zote nane. Akaweka zipu pembeni, kuanzia goti mpaka pindo, ili dada aweze kuangalia ngozi yake mchana. Lilipofika suala la sponji, aliuliza, na hilo lilikuwa jambo jipya nyumbani kwetu: "Mwanangu, wewe unatakaje?" Dada akasema abakize moja tu, ile ya kwendea harusini, nyingine atoe. Wiki iliyofuata yule kijana alikuja kupimwa suruali ya zipu. Mama alishakata kitambaa kabla hajafika.

Dada alikaa nyumbani siku tano, na shule ikamvumilia. Siku hizi akipanda basi anasema, "Samahani, mguu wangu ni wa bandia, naomba kukaa." Kuna wanaoinuka haraka, kuna wanaomtazama kwanza. Wiki ya tatu ngozi ikafunga. Wiki hiyohiyo akapewa barua ya kazi ya kudumu. Watoto wake wote wanaujua mguu, na mmoja aliuliza kama huwa unachajiwa.

Sasa sikia hili la juzi. Nimekaa kwenye basi. Akapanda msichana wa sare za shule, mzima kabisa kwa kumtazama, hana gongo, hana bandeji. Ila alishika bomba kwa nguvu, na midomo ilikuwa imekauka. Pembeni yangu mtu akanong'ona kwamba watoto hawa wasidekezwe. Niliinuka, nikamuuliza kama angependa kukaa. Akakaa, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Alipofika kwake akateremka. Hakuniambia ana nini, nami sikumuuliza.

Wewe ungempisha? Na ungempisha bila kwanza kutaka kujua anaumwa nini?