Mbwa wa Kwenye Daftari

Siku walipokutana, fundi alikuwa amekuja kugomba. Ilikuwa saa tano asubuhi na ofisi ya vifurushi imefurika mpaka mlangoni, kila mtu na karatasi yake mkononi. Akapenya katikati yao na gauni lake la buluu, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni kwa haraka aliyotoka nayo dukani. Kazi yake ni kushona magauni ya maharusi, na kifurushi chake cha lesi kilikuwa kimepelekwa kwa jirani kwa mara ya pili.

"Nani anayeleta mizigo mtaa wetu?" aliuliza kwa sauti ya kusikika na ofisi nzima. "Nataka nimwone kwa macho yangu."

"Ni mimi, kuanzia leo," mtu alijibu nyuma yake. "Yule wa zamani amehamishwa. Usinipige dada, mimi bado sijakosea."

Alikuwa kijana mrefu, koti la kazi la rangi ya machungwa, viatu vimelika visigino kwa kutembea. Fundi alikuwa na maneno mengine matatu manne ya kumalizia, lakini kicheko kikamponyoka.

"Basi ujue mapema. Ukikosea, nakushonea sanda."

"Ukiishona wewe, naivaa."

Loh! Watu wa kwenye foleni wakacheka, na fundi akaondoka bila lesi na bila hasira.

Sasa, ofisi ile ina daftari la njia, na humo nyumba yenye mbwa mkali huandikwa kwa kalamu nyekundu. Ikishaandikwa, inakuwa ya msambazaji mmoja tu, yule aliyezoeana na mbwa. Wenzake hawaigusi. Jioni ile ile kijana alichukua kalamu nyekundu akaandika kwenye nyumba ya fundi: mbwa mkali. Nyumba ile haikuwa na mbwa, wala paka. Alichotaka ni kwamba asibishe hodi pale mwanamume mwingine.

Wenzake wakamvulia kofia. Mgeni wa siku moja, tayari amejitwisha nyumba ya mbwa! Wakambandika jina la Shujaa, na likaganda.

Shujaa mwenyewe alikuwa anaogopa mbwa kuliko kifo. Alipokuwa na miaka tisa mbwa alimnyofoa nyama ya mguu, na mpaka leo akimwona mbwa aliyefungwa nyumba tatu mbele, anavuka barabara. Katika njia yake yote, nyumba ya mbwa aliyoingia akipiga mluzi ni ile moja.

Mapenzi hayakuchelewa. Alileta lesi, akaleta shanga, akaleta vifungo, kisha akawa anakuja bila kuleta kitu. Fundi aliishi na mama yake, mama mcheshi ambaye masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Ukimwambia "Shikamoo, mama," anakujibu "Mimi nimeshakula, mwanangu." Mwezi wa tano wakakubaliana kuoana. Fundi alisema wazi kwamba mama hamwachi, kwa hiyo bwana ndiye atakayehamia kwao. Shujaa akasema sawa. Tarehe hawakupanga.

Kisha siku moja mwizi aliingia uani mchana kweupe, akaanua nguo zote kwenye kamba, na mama amekaa hatua nne tu kutoka hapo, amempa mgongo, anachambua mchele. Fundi akapiga simu akiwa dukani.

"Mpenzi, nimekata shauri. Tuchukue mbwa."

Upande wa pili wa simu, Shujaa akaangusha kifurushi.

"Halo? Umekatika?"

"Nipo, nipo. Mbwa wa nini tena, kipenzi? Tuweke kengele."

"Mtu hasikii, unamwekea kengele?"

"Basi taa. Mtu akibisha, inawaka."

"Mama anasinzia mchana. Taa itamtikisa bega?"

"Mbwa ana viroboto."

"Na wewe una visingizio! Jumamosi twende tukachague."

Wakaenda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Mtunzaji, mama wa makamo mwenye buti za mpira, hakuwaonyesha mbwa kwanza. Aliwakalisha na fomu. Mchana anabaki nani nyumbani? Ua una geti? Mzee ana nguvu za kushika kamba? Mbwa wa mtu si pambo, alisema, nikikupa asiyekufaa utanirudishia, na mbwa aliyerudishwa mara mbili hali chakula.

"Mnaishi watu wangapi?"

Fundi alimtazama Shujaa. Alitaka amsikie yeye akisema tutakuwa watatu. Shujaa alikuwa amekodolea macho wavu wa banda, kijasho kinamtoka.

"Wawili," fundi akajibu. "Mimi na mama."

Neno hilo lilimuuma kulitamka.

Wakaonyeshwa mbwa watatu, na Shujaa akawakataa wote watatu akiwa ameshika nguzo ya geti. Mdogo ana pupa, atamwangusha mama. Sawa, hapo alisema kweli. Mweusi ana kichwa kikubwa, atatisha wageni. Wa tatu alikuwa jike la kahawia, mtu mzima, sikio moja limechanika, amelala kwenye kivuli bila haraka na dunia.

"Huyu hata habweki," alisema Shujaa. "Mbwa bubu kwa mtu asiyesikia, si watu watatucheka?"

Fundi hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa anawaza jambo moja: huyu bwana hataki kuhamia kwetu, na hana ubavu wa kuniambia.

Wiki iliyofuata Shujaa alipelekwa mafunzo ya kazi mji mwingine kwa siku kumi. Fundi alikuwa na bibi harusi wa Jumamosi, na kilichobaki ni lesi ya shela. Jumatatu haikufika. Jumatano haikufika. Alhamisi akaifuata mwenyewe.

"Ipo hapa tangu Jumatatu, dada," alisema karani. "Ila kwako hakuna wa kuja. Anayemwezea yule mbwa wako hayupo."

"Mbwa wangu?"

"Si huyu hapa?" Karani akamgeuzia daftari. "Ana jina baya kweli hapa ofisini."

Fundi aliisoma ile kalamu nyekundu, na mwandiko akaujua. Ulikuwa mwandiko uleule wa vijibarua alivyovificha chini ya cherehani. Tarehe ilikuwa ya siku ile waliyokutana. Alipofika dukani, mama wa bibi harusi alikuwa anatoka na gauni mkononi, anampelekea fundi mwingine. Miaka minane ya kazi, na hakuwahi kukosa harusi hata moja.

Akapiga simu.

"Kipenzi! Nilikuwa nataka kukupi..."

"Mbwa wangu anaitwa nani?"

"Mbwa yupi?"

"Wa kwenye daftari. Mkali. Mwaka mzima anafukuza wasambazaji wengine, na leo amenikosesha bibi harusi."

Njia ya mwongo ni fupi, na Shujaa alikuwa amefika mwisho wake. Akasema yote: kalamu, wivu, hata ule mguu wa utotoni.

"Ebo! Muoga wa mbwa anajiandikia nyumba ya mbwa mkali?"

"Si nilijua hayupo?"

"Kwa hiyo wa uongo unamfuga, wa kweli unamkataa! Na mimi nikalala macho nikidhani ni sisi unaotukataa, mimi na mama yangu!"

"Niliona aibu. Wananiita Shujaa..."

"Basi kaa na ushujaa wako."

Akakata. Shujaa alipiga mara kumi na moja. Alipotoka mafunzoni alilikata lile neno kwenye daftari mbele ya wenzake na kueleza kwa nini. Wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo njia ile ikapewa mtu mwingine. Fundi alipata mizigo yake kwa wakati, kutoka kwa mzee mmoja mnunaji, na hakuna kilichomfurahisha.

Mwezi ukapita. Lakini mama bado alikuwa hasikii geti, na mapenzi yakifa haja haifi. Jumamosi moja fundi akamchukua mama yake wakaenda kituoni.

"Ngojeni kidogo," alisema mtunzaji. "Ndani kuna mtu anajifunza. Hii Jumamosi yake ya nne. Ya kwanza hakuvuka geti."

Fundi alichungulia. Shujaa alikuwa amekaa kwenye kigogo kivulini, mgongo umenyooka, shati limelowa jasho. Yule jike la kahawia alikuwa amelaza kichwa juu ya kiatu chake.

"Tangu saa ngapi?" fundi aliuliza.

"Saa tatu," Shujaa alijibu bila kusogea. "Mguu umekufa ganzi. Nilikosea, fundi. Nisamehe. Halafu nilikosea na huyu pia. Nenda kagonge geti, uone."

"Unaniamrisha?"

"Nakuomba."

Fundi akamwacha mama ndani, akaenda kugonga. Mbwa wengine wote wakapasua anga kwa kubweka. Jike la kahawia akainuka polepole, akampita Shujaa, akamfuata mtunzaji, akamsukuma goti kwa pua. Kisha akatazama getini.

"Hufanya hivyo kila akija mtu," alisema Shujaa. "Muoga huwa anaangalia sana. Mama hahitaji mbwa wa kubweka. Anahitaji wa kumwambia."

"Fundi, gonga tena," alisema mtunzaji, akajificha nyuma ya banda. Safari hii jike alitazama huku na huku, akamwendea mama, akampiga goti kwa pua.

"Nani amekuja?" mama akauliza, akageuka kuangalia geti.

Fundi akafuta macho kwa ncha ya kanga ya mama yake. Hakutaka kulia mbele ya mtu ambaye bado alikuwa amemkasirikia. Akaenda mezani, akachukua fomu na kalamu, akajaza mpaka kwenye lile swali. Hapo akaandika neno moja, akamgeuzia Shujaa karatasi.

Watu wangapi? Watatu.

"Kama unaogopa, sema sasa hivi," fundi alisema. "Usije ukaniandikia mahali pengine."

Shujaa alimtazama yeye, akamtazama mbwa.

"Naogopa," alisema. "Acha hivyo hivyo ulivyoandika."

"Anasema nini?" aliuliza mama.

"Anasema anaogopa, mama!"

"Basi huyo ni wetu," alisema mama, akamshika mbwa sikio lililochanika. "Twendeni nyumbani."