Povu Bwawani

Kila alasiri, akishavua sare na kula, Povu alimsaidia mama yake kazi. Mama alikuwa dobi, na mashuka ya watu yalijaa kwenye kamba uani hadi mtu akapita kwa kuinama. Jina la utani binti huyo alijitafutia mwenyewe. Kwake, nguo haijafuliwa mpaka povu limfike viwikoni.

Alitakiwa kumwaga maji ya sabuni kwenye shimo nyuma ya nyumba. Lakini shimo lilikuwa mbali na bwawa lilikuwa pua na mdomo, tena lina vifaranga wa bata! Walilikimbilia povu na kulidonoa, naye akicheka hadi mbavu zikamuuma. Aliona anawafanyia hisani, maana walikuwa na matope mpaka shingoni.

Jumamosi moja alimkuta mwenye bata, Mzee Kofia, amesimama ukingoni. Hakuna aliyewahi kukiona kichwa cha mzee huyo. Kiganjani alishika kifaranga aliyekufa. Wengine walikuwa wamelowa chapachapa, wanatetemeka.

"Bata gani huyu asiyejua kulea?" alifoka. "Watoto wa bata wanalowa kama kuku! Wanazama! Kesho namchinja."

Povu alimtazama bata. Naye alikuwa amelowa, lakini alikuwa ametandaza mbawa zote mbili kuwafunika watoto wake. Mbwa alipopita karibu, alinyoosha shingo na kumfokea, bila yeye kusogea hata kidogo. Povu hakuwahi kuona mama hodari kama yule.

"Babu, usimchinje," alisema huku machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilikuwa namwaga maji ya sabuni humu."

Mama alikuwa amesikia kelele na kutoka, mikono ingali inachuruzika maji. Alimnusa kifaranga mmoja, akatikisa kichwa.

"Manyoya ya bata yana mafuta, mwanangu. Ndiyo koti lao la mvua. Unaona sabuni inavyotoa mafuta kwenye shati la fundi wa gereji? Basi na hawa imewavua koti. Maji yanapenya, baridi inawaingia."

"Kwa hiyo kosa si la bata?" Mzee aliuliza taratibu.

"Si lake hata chembe."

Waliwasuuza wote kwa maji safi ya uvuguvugu, wakawakausha karibu na jiko, kisha wakawaweka bandani. Povu aliwapelekea maji na chakula kila siku, na kila beseni la sabuni alilibeba hadi shimoni, mabega yakimuuma. Hakulalamika.

Mvua zilinyesha, bwawa likajaa maji mapya. Manyoya yalipopata tena mafuta, Mzee alifungua banda. Bata alitangulia majini, watoto wakafuata kwa mstari. Matone yalimteleza mgongoni kama shanga. Hakuna aliyezama.

Mzee Kofia akavua kofia. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya.

"Nisamehe, mama watoto," alimwambia bata. "Nilikutukana bure."

Povu alicheka, halafu akainama kwa aibu. Mama alimshika bega.

"Ulisema kweli, ukaokoa maisha. Mimi najivunia hilo. Lakini ujue, mwanangu, uchafu haunuki vibaya siku zote. Mwingine unang'aa na kunukia vizuri. Kabla hujamwaga kitu, angalia nani anaishi pale kinapokwenda."

Povu aliitikia kwa kichwa, akainua beseni, akashika njia ya shimoni.