Ng'ombe Aliyekataa Nyasi

Ng'ombe mwekundu wa mzee Masanja aliacha kula nyasi adhuhuri moja, katikati ya malisho. Aliinua kichwa, akanyoosha shingo kama anayefikia tawi, akaanza kutafuna. Juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu ya Ufipa, uwanda ambao mtu hutembea asubuhi nzima asipate mti wa kumkinga jua.

Masanja alikuwa mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe wachache, na mwekundu ndiye aliyempenda kuliko wote, kwa kuwa aliachiwa na mkewe, Minza, aliyezikwa mwaka uliopita. Watoto walikwisha kuhamia Katavi. Jioni mzee alizungumza na ng'ombe huyo, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Kabla juma halijaisha, ng'ombe wote walikuwa wamekataa nyasi. Walisimama wameinua midomo, wakisaga hewa, na mbavu zao zikaanza kuhesabika. Zizini pakazuka harufu ya majani yaliyooza mvuani, ilhali mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Na jua lilipotua ikasikika sauti ya upepo ukipita katika matawi mengi makubwa, ingawa moshi wa jikoni mwake ulipanda wima.

Akamwita jirani yake Coleta, mganga wa Kifipa.

"Ninyi Wasukuma!" Coleta alisema akiingia zizini. "Ng'ombe akipiga chafya, mnaita mganga. Ningeumwa mimi, ungekuja mbio hivi?"

"Ningekuja, dada. Nikishakamua."

Coleta alicheka, kisha akanusa, na kicheko kikakatika. Mbele yake palikuwa na jiwe ambalo Masanja alilitoa korongoni, chini ya ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa, kwa sababu lilikuwa na ukoko wa chumvi na mifugo ilipenda kulilamba. Ndimi zilikuwa zimelisugua hata likatoa meno: safu ya meno meusi ndani ya taya la jiwe, yaking'aa kwa mate.

"Umeleta nini nyumbani, kaka?" alinong'ona.

"Chumvi tu."

"Chumvi hii ina mwenyewe."

Wakamwita Andwele, kijana wa Mbeya aliyepanga chumba mjini, mtaa wa Mazwi, na kushinda makorongoni akichimba mifupa ya kale. Aliwaamkia, akapiga magoti mbele ya jiwe, akayapapasa meno moja moja.

"Mnyama huyu ni wa kale kuliko uwanda huu," alisema. "Mnaona meno yalivyo mafupi, yenye vilele? Ni ya kula majani ya miti. Mla nyasi huwa na meno marefu, kwa maana nyasi huyasaga kama msasa. Huyu hakuwahi kuziona. Zama zake hapa palikuwa na msitu, na maji tele."

"Basi anauliza msitu wake uko wapi," Coleta alisema taratibu. "Jini mgeni hufukuzwa, kaka. Huyu ni mwenyeji. Sisi ndio tuliomkuta. Mrudishe ulikomtoa."

Andwele alifungua kinywa, kwani alitamani sana kulichukua jiwe lile. Coleta akamtazama tu, naye akakifunga.

"Na ng'ombe wangu?" Masanja akauliza.

"Atakaowaachia mwenyeji huyo watakula."

Alfajiri Masanja alilibeba jiwe begani, na ng'ombe wakamfuata bila kuchungwa; na kadiri alivyoteremka ukungu ulizidi, ule upepo wa matawi ukawa juu yake na nyuma yake na pande zote, matone mazito yakamdondokea shingoni, miguu ikazama katika matope mahali alipojua kuna changarawe kavu, na ubavuni mwake, karibu kiasi cha kuguswa, vitu vyenye pumzi vikatembea pamoja naye, vikisagasaga, vikikanyaga kwa uzito, bila haraka, kama kundi linalorejea kwao.

Alilitua jiwe. Ng'ombe wakatikisa vichwa, wakageuka, wakaanza kupanda mlima huku wakinyakua kila jani la nyasi njiani. Mwekundu alibaki, shingo kaielekeza kwenye ukungu.

Masanja alimshika kamba. Angeweza kumvuta, kwani ng'ombe alikuwa amekwisha nguvu. Lakini kule mbele ya midomo ya ng'ombe mzee alisikia, kwa mara ya kwanza, jani likichanika. Akajua kwamba akimrudisha nyumbani, atamrudisha kwenye njaa.

"Haya, kula, mama," alisema, akaiachia kamba.

Alimsikia akila kwa muda mrefu. Baadaye, upweke ulipomshinda, akamwita. Ng'ombe akaitika kutoka mbali, kutoka chini, na nyuma ya sauti yake zikaitika sauti za wanyama ambao Masanja hakupata kuwachunga wala kuwasikia. Ukungu ulipoondoka, korongo lilikuwa kavu na tupu.

Masika ilipokwisha, Andwele alikuja kumchukua Masanja, wakashuka korongoni. Ndani ya ukuta wa korongo, katika mwamba ambao haukuwa umeguswa na mkono wa mtu, alikuwa amefukua taya lililogeuka jiwe.

"Ni la ng'ombe, mzee," alinong'ona. "Meno marefu, ya mla nyasi. Katika tabaka hili hawezi kuwapo. Nyasi zenyewe hazikuwapo."

Masanja alipiga magoti. Akalipapasa taya lile polepole, kwa kiganja kizima.

"Niambie, mwanangu, wewe unayeyasoma haya," alisema. "Alikufa ameshiba?"