Kishikwambi cha Bibi Mariana na Dhahabu ya Masalu

Wana-Bukombe wenzangu, nanyi wa Geita na Kishapu mtakaofikiwa na maneno haya, sogeeni. Wanaonifahamu wanajua sina dogo. Nikianza kusema nasema mpaka mwisho. Mimi ni Mama Hosiana wa hapa Ushirombo. Kati ya nyumba yangu na ya Masalu kuna uzio wa minyaa tu, na minyaa haizuii moshi wala kelele. Kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Bibi Mariana, mama mzazi wa Masalu, alikaa kivulini mwa nyumba akibangua karanga. Mkwewe Serafina, mke wa Masalu, alikuwa akichambua mboga. Elieth, binti yao wa darasa la sita, alikuwa amekipakata kishikwambi na kufungulia nyimbo za kwaya, na mdogo wake Festo alikuwa akicheza ngoma za kwake mwenyewe, zisizolingana na wimbo wowote. Festo ni mtoto wa pumu. Vumbi la kufagia tu humkaba, seuze moshi, ndiyo maana siku akicheza hivyo mji wao mzima unafurahi. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba chumvi, nikajikuta nimekaa.

Kishikwambi chenyewe alikuwa amekileta Clemens, kaka yake Serafina anayeishi Ngokolo, Shinyanga mjini. Yeye alikuwa amepata kipya, akaona hiki cha zamani kiwafae wapwa zake.

"Mama," Elieth akasema, "ujumbe wa mjomba haufunguki. Kimeandika hapa kwamba hakihudumiwi tena."

Masalu, aliyekuwa ameketi mlangoni, akakichukua, akakigeuzageuza. "Kimekufa hiki."

"Kama kimekufa, mbona kinaimba?" Bibi Mariana akauliza.

Sote tukacheka, isipokuwa Masalu. Yeye alikuwa akikitazama kile kishikwambi kama anakipima uzito. Niliona, lakini sikujua anawaza nini.

Kesho yake Serafina alikipeleka kwa Evance, yule kijana fundi simu wa karibu na stendi. Tulikwenda pamoja.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Baba Elieth anasema hiki kimekufa. Tuambie kama tukizike."

Evance akakifungua, akapekua huku na huku. "Hakijafa, mama. Kiwanda kilichokitengeneza ndicho kimeacha kukihudumia. Hakitaletewa tena kinga mpya dhidi ya wezi wa mitandaoni, na programu mpya zitakuwa zinakikataa. Kwa hiyo namba za siri na mambo ya pesa, humu msiweke kabisa. Lakini betri nzima, kioo kizima, sauti ipo. Kazi za kukipa ziko tele."

"Kazi gani?"

"Nyumbani kwenu kuna nani na nani?"

Hapo ndipo nilipompenda yule kijana. Hakuuliza tunataka programu gani, aliuliza nyumbani kuna nani. Serafina akamtajia. Basi Evance akafuta yote yasiyo na maana, akatia Biblia, kitabu cha nyimbo na masomo ya Elieth, akaweka na mlio wa kukumbusha dawa ya Festo, halafu akazima mtandao. "Hivi sasa," akasema, "ni kabati la vitabu lenye taa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Bibi Mariana ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu kanisani tangu mimi ni msichana. Macho yalipoanza kufifia, herufi za kitabu zikawa kwake vumbi tupu. Akawa anakaa benchi la nyuma, anaimba zile beti anazozikumbuka, zinazobaki ananyamaza. Hakulalamika, nasi hatukumuuliza. Jioni ile Elieth akamfungulia wimbo, akazivuta herufi kwa vidole viwili mpaka kila moja ikawa kubwa kama punje ya hindi.

Bibi akasogeza uso, akasoma neno la kwanza. Akasoma la pili. Kisha akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka. Nami nililia, siwafichi. Nilikuwa nimefuata chumvi tena siku hiyo, maana ile ya kwanza niliisahau.

Toka hapo kile kishikwambi kilichoitwa maiti hakikupumzika. Elieth alikipeleka shambani akapiga picha majani ya mahindi yaliyoliwa na viwavi, akamwonyesha bwana shamba, tukaelezwa dawa ya kupulizia. Serafina akamrekodi bibi akiimba nyimbo za zamani za Kisukuma za kupalilia, ambazo sisi hatuzijui hata mwanzo wake. Wanakwaya wakawa wanakuja jioni kumsikiliza. Nyumba ikachangamka.

Mwenye nyumba sasa. Masalu si mtu mbaya, na anayesema ni mbaya aje kwangu tugombane. Lakini ujana wake aliumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko upande wa Geita, akichimba na kuchoma dhahabu kwa zebaki. Alirudi mikono mitupu, ila hamu ya dhahabu alirudi nayo yote. Mwenzake wa zamani, Sostenes, anayeshinda kwenye karasha la kusagia mawe, alikuwa amemtia maneno: ndani ya simu na vishikwambi kuna dhahabu, eti wenye akili wanaichoma na kuitoa, sisi tunazitupa jalalani.

Masalu akaamini. Si amechoma dhahabu nusu ya maisha yake? Alijiona ameshahitimu. Akaanza kuzunguka mitaani anakusanya simu mbovu. Watu wakampa, wakidhani anawapelekea watoto wachezee. Akapata na asidi, sijui kwa nani, na sitaki kujua.

Siku moja nikiwa pale, alimwendea mama yake aliyekuwa akisoma, akashika kishikwambi.

"Mama, nipe nikitazame. Hiki ni kikubwa, kitakuwa na mali nyingi ndani."

"Nasoma, ng'wanawane," akajibu kwa Kisukuma chake, yaani mwanangu.

"Kimepitwa na wakati hiki, mama. Hata waliokitengeneza wamekikataa."

Bibi Mariana akanyanyua uso. "Hata mimi nimepitwa na wakati. Utanivunja?"

Masalu akakiachia. Serafina, ambaye kwa kawaida hapandishi sauti, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Elieth, hayo madude yako yana moshi wa sumu. Una mtoto wa pumu ndani ya nyumba hii. Nakuomba, achana nayo."

"Nitachomea nje, kule mbali. Mbona unanifanya mtoto?"

"Niapie."

"Nimeshasema nje, Mama Elieth. Nje!"

Jamani, mtu akikataa kuapa, mjue. Lakini nani angemjia juu mwenye mji mbele ya mama yake? Tukanyamaza. Nami mwenye mdomo wote huu nikanyamaza.

Ukafika mwezi wa upepo. Siku hiyo Serafina alikuwa shambani, Elieth shuleni. Bibi Mariana amejilaza chumbani na Festo ubavuni, mtoto amelala. Masalu akawasha moto wake nje, upepo ukauzima. Akawasha tena, ukazima tena. Mnadhani aliahirisha? Thubutu! Alihamia jikoni. Na jiko lao limeungana na nyumba. Ukuta wa katikati haujafika kwenye bati, uwazi wake unapitisha paka. Akainjika kikaango cha Serafina, kikaango cha kukaangia samaki, akamwaga asidi, akatumbukiza zile simu. Kishikwambi nacho, kama alivyokiri baadaye, alikuwa amekichukua polepole kitandani kwa mama yake. Alikiweka kwenye kigoda karibu na mlango, tayari amekibandua ukingo wa nyuma, kikisubiri zamu.

Mimi nilikuwa nachekecha unga. Nikasikia mlio, paa! Kisha nikasikia mlio wa kufoka, kama chungu kinachomwagikia moto. Kutazama, naona moshi wa rangi ya kutu unatoka chini ya bati la jirani. Simu moja ilikuwa bado na betri ndani, ndiyo iliyolipuka. Niliacha ungo pale pale, nikapenya kwenye minyaa, ikanichana mikono nisijue.

Nilipofika uani, mlango wa nyumba ulikuwa unafunguka, unasukumwa kutoka chini. Bibi Mariana alikuwa anatambaa. Yule mama asiyeona vizuri, aliyezoea kuongozwa hata kwenda chooni, alikuwa ameupapasa ukuta mpaka mlangoni, Festo amefunikwa khanga kifuani mwake.

"Mchukue mtoto!" akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Niache mimi, mchukue mtoto!"

Nikamfunua Festo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kifua kinavutika ndani, hewa haiingii, macho yamemtoka. Mungu wangu! Nililia kwa kelele mpaka watu wa barabarani wakasikia. Masalu akatokea upande wa jiko akikohoa, mkono umeungua, akamwona mwanawe, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Festo! Mwanangu nimekuua!"

"Hujamuua bado! Simama, ita pikipiki!" nikamfokea. Na kweli alisimama, akakimbia.

Tulipanda bodaboda, mimi na mtoto, na nyingine ikambeba bibi. Pale hospitali muuguzi hakuuliza maswali mengi, alimpokea Festo akaingia naye ndani. Sisi na Masalu tukabaki barazani. Bibi Mariana aliwekewa hewa naye, akawa ameshika rozari bila kuhesabu chochote. Serafina akafika kutoka shambani na tope miguuni. Hakumtukana mumewe, hakumtazama kabisa, akaenda kusimama mlangoni kwa mwanawe, na mimi naona ile ilimuuma Masalu kuliko matusi yoyote.

Tukangoja. Sijui muda gani, na sikutaka kujua. Kisha kutoka ndani tukasikia sauti, tena ya hasira:

"Nataka uji!"

Jamani, jamani. Serafina aliketi chini akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilipiga vigelegele humo humo hospitalini mpaka nikaambiwa ninyamaze. Muuguzi akatoka akifuta jasho. "Mshukuruni bibi yake," akasema. "Angebaki naye mle ndani kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine." Masalu alielekeza uso ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya kumwambia. Badala yake nikaenda kumtafutia Festo uji.

Nyumba iliungua jiko tu, majirani waliwahi na mchanga. Kikaango kilitoboka. Dhahabu iliyopatikana haitoshi kumvisha sisimizi hereni. Kishikwambi kilikutwa kwenye kigoda chake mlangoni, kimejaa masizi, mgongo umeachama. Evance akakisafisha, akaubana mgongo, akakiwasha, kikaimba. Masalu mwenyewe ndiye aliyempelekea, pamoja na zile simu zilizobaki.

"Dhahabu imo, kaka, sikatai," Evance alimwambia. "Lakini ni chembe tu, na wanaoitoa wana mitambo ya kuzuia sumu. Niachie hizi. Mimi huzikusanya na kuzipeleka kwa wanaozichambua."

Wiki iliyofuata ibada ya jumuiya ilikuwa kwa Masalu. Nilidhani ataikimbia, lakini alikuwepo, mkono umefungwa bandeji. Akasimama mbele yetu sote. "Niliambiwa na mke wangu, nikamdanganya. Nilimwibia mama yangu akiwa amelala. Nusura nimpoteze mtoto. Nisameheni." Kisha akamgeukia mama yake.

Bibi Mariana hakutoa hotuba. Alimnyooshea kishikwambi. "Nishikie hiki, ng'wanawane, kiinue kidogo. Nataka kuona ubeti wa pili."

Masalu akakishika. Alikishika kwa mkono mzima na ule wa bandeji, wimbo wote, beti zote, asikishushe. Bibi akaimbisha kwa sauti ambayo ilikuwa bado na mikwaruzo ya moshi, nasi tukamwitikia. Festo alikuwa mapajani kwa Serafina, anaimba maneno anayoyatunga mwenyewe, kwa pumzi zake zote.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu zangu, kiwanda kikiacha kukihudumia kifaa, hicho kifaa si takataka kwa siku hiyo. Muulizeni fundi kinaweza nini na hakiwezi nini. Siri zenu na pesa zenu msikitwishe, hilo mlishike. Lakini kusoma, kuimba, kumfundisha mtoto, kupiga picha jani lenye ugonjwa, kitafanya, tena kwa miaka. Kabla hamjauliza kina nini ndani, ulizeni nyumbani kuna nani.

Nanyi akina baba mliotoka machimboni, nawaomba kwa heshima zote, na msiposikia nitakuja bila heshima. Betri haipigwi nyundo wala haitiwi motoni. Asidi na zebaki havina nafasi jikoni, wala kwenye kikaango, wala karibu na mtoto. Mkeo akikwambia kuna hatari, msikilize siku hiyo hiyo. Nasi majirani, tukiona jambo baya tuseme mapema, hata kama mwenye mji atanuna. Kununa kuna mwisho.

Leo mtoto yule anapumua, na bibi yake anasoma. Mnatafuta dhahabu gani tena?