Lindo la Harro

Kitanda kilikuwa kimelowa. Wenzel alikigusa tena, akaonja kidole: chumvi. Katika nyambizi yao ya Kijerumani mabaharia wawili walilalia kitanda kimoja kwa zamu. Huyu akipanda kulinda kwenye mnara wa nyambizi, yule hujitupa penye joto alilomwachia. Mwenzake Wenzel alikuwa Harro, na Harro alikuwa amekufa.

Juzi ndege ya Waingereza ilitokeza mawinguni, nahodha akaamuru wazame, na Wenzel ndiye aliyefunga mfuniko wa mnara, Harro bado yuko juu. Alimsikia akigonga. Na agizo la kuweka silaha chini lilikuwa limefika tangu alfajiri ya siku ileile! Nahodha alilikalia kimya. Ile ndege ilitafuta tu bendera nyeusi ya kujisalimisha.

Sasa bendera ilipepea, wakielekea Uskoti, na Wenzel hakutaka kingine ila kumrudia mkewe, Gesche. Lakini kila akilala maji yalimpanda kifuani, na sauti ikamuuliza sikioni, "Mbona hunipokei?"

"Hajui vita vimekwisha," alinong'ona mpishi, mzee Oltmann, Wenzel alipomsimulia. "Nani angemwambia? Baharia haachi lindo mpaka apokewe."

"Nifanyeje, mzee?"

"Mlango ulimfungia wewe. Kampokee."

Wenzel akapanda ngazi, na kila alipokanyaga palichuruzika maji, na harufu ya mwani na sufu mbichi ikamjaa puani, hata alipotoa kichwa mnarani mchana kweupe akaona koti tupu limesimama likitazama bahari, akasema huku meno yakigongana, "Nimekupokea, ndugu yangu. Kalale."

Koti likaanguka. Chini, kitanda kikakauka, kikawa na joto. Mabaharia wakacheka kwa mara ya kwanza.

Bandarini Waingereza waliwaamuru wote washuke. Wenzel aling'ang'ania mnara.

"Sijapokelewa," alisema.

"Shuka, bwana, usituponze," Oltmann alimsihi.

Wakamshusha kwa vitako vya bunduki. Nyambizi ikavutwa baharini, ikazamishwa.

Wenzel alipotoka kambi ya mateka, Gesche alimpikia viazi, akalia kwa furaha, akamtandikia shuka safi. Alfajiri alinyoosha mkono kumkumbatia. Mumewe alikuwa amelala palepale, macho wazi, wala hakuitika. Godoro chini yake lilikuwa baridi, limelowa chapachapa.

Gesche aliligusa, akalamba kidole: chumvi. Nyumba yao ilikuwa mbali sana na bahari.